Barua ya kufunga muhula: kilichomo kwenye jalada la mtoto, na kisichomo

Kwa wazazi na walezi wa watoto wa madarasa ya awali,

Salaam.

Muhula umefika mwisho na kila mtoto anarudi nyumbani na jalada la kazi zake. Wengi wenu mtalifungua mkitafuta daftari lililojaa herufi na tarakimu, na mtakachokuta ni mistari iliyopinda, vipande vya karatasi vilivyokatwa ovyo, na picha za watu ambao miguu imeota kichwani. Swali linalofuata huulizwa getini kila tunapofunga: mbona mtoto hajaandika? Jibu lake ni refu kuliko nafasi ya getini, ndiyo maana tumeliweka humu. Mengi aliyojifunza hayaingii kwenye jalada. Mnara wa matofali hubomolewa kabla ya kunawa mikono, na aliyetambua kwamba ndoo mbili ndogo za mchanga hujaza moja kubwa hana karatasi ya kuthibitisha.

Tuanze na mkono, maana ndiko malalamiko mengi yanakoanzia. Kuandika kunadai bega lililotulia, kifundo cha mkono chenye nguvu, na vidole vitatu vinavyofanya kazi huku viwili vimejikunja. Kwa kawaida uwezo huu hujengeka kuanzia begani kwenda vidoleni. Kwa hiyo bembea, kutambaa chini ya meza, kuning'inia na kubeba ndoo za mchanga vimo kwenye ratiba ya asubuhi, kabla ya penseli. Mtoto wa miaka 2 hushika krayoni kwa ngumi. Akikaribia miaka 3 huishika kwa vidole vyote vikielekea chini, na mkono mzima ndio unaotembea. Kati ya miaka 3 na nusu na 4 vidole vitatu huanza kukaa mahali pake, lakini mwendo bado unatoka kwenye kifundo. Vidole vyenyewe kuanza kuisogeza kalamu ni jambo la kati ya miaka 4 na nusu na 6. Ukimlazimisha aandike mistari mitano ya herufi kabla ya hapo, ataandika. Ila atabana penseli mpaka kucha zibadilike rangi, kidole gumba kitapanda juu ya kile cha shahada, na mshiko huo ukishazoeleka ni kazi kubwa kuuondoa.

Maumbo nayo yana foleni yake. Watoto walio wengi huiga kwanza mstari wa kusimama, kisha wa kulala, duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba wakiwa na 4, mraba kati ya 4 na nusu na 5, na pembetatu baada ya hapo. Kinachochelewa ni mstari wa mshazari. Mtoto anayeandika o, t na l vizuri halafu akaharibu k, v na z si mzembe. Amefika pale umri wake unapomfikisha. Herufi iliyogeuka, b ikawa d au s ikatazama nyuma, ni jambo la kawaida mpaka karibu miaka 7. Msizikate kwa kalamu nyekundu. Andika iliyo sahihi pembeni, kubwa, mwache aifuatishe kwa kidole, basi.

Mkitaka kuusaidia mkono huo likizoni, vunjeni krayoni. Kipande cha sentimita 3 hadi 5 hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu hujipanga vyenyewe bila mtu kugombezwa. Bandikeni karatasi ukutani kwenye usawa wa macho ya mtoto. Akichora akiwa amesimama, kifundo hulazimika kuinuka na bega hufanya kazi. Mpeni vibanio vya nguo abane na kubanua. Na mtengenezeeni unga wa kufinyanga, kitu ambacho mikono ya watoto wetu imekitumia karibu kila siku muhula huu.

Vipimo vyetu ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya kupikia, na maji kikombe 1 kasoro kidogo. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu. Kama unataka rangi, iyeyushe kwenye maji kwanza, maana ikitiwa mwishoni hubaki mistari mistari na kupaka viganja. Tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo huku ukikoroga, na acha mara tu donge linapojishika. Si lazima maji yote yaishe. Kanda dakika 5 mpaka lisishike mkononi. Likinata, maji yamezidi: nyunyiza unga kijiko kimoja kimoja. Likipasuka pembeni unapolibonyeza, ni kavu: lowesha viganja na uendelee kukanda, usimwagie maji juu. Lihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Baada ya siku chache litalowa kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani. Likande tena na unga kidogo. Likinuka au likiota ukungu, litupwe. Kuna jambo moja lisilo na mzaha: donge hili halilambwi wala haliliwi. Chumvi yake ni nyingi mno kwa mwili mdogo, hata mbwa wa nyumbani humdhuru, na unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu. Kaeni karibu, na mikono inawiwe baadaye.

Mtoto akisokota nyoka mrefu anaimarisha kiganja. Akitengeneza vidonge vidogo kwa ncha za vidole, anafanya mazoezi ya mshiko wa kalamu bila kalamu. Hatuhitaji atengeneze kitu kinachotambulika.

Vile vipande vya karatasi jaladani ni somo la mkasi, na vina ngazi zake. Kwanza mtoto hukata kwa kubana mara moja tu kwenye ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 2, kipande kikadondoka. Halafu hukata mara kadhaa mfululizo kwenye mstari ulionyooka, kisha mstari uliopinda, na mwisho kabisa umbo lenye kona, ambapo mkono usioshika mkasi ndio hugeuza karatasi. Kosa la wengi wetu ni kumpa anayeanza karatasi nyembamba: hujikunja katikati ya makali na mtoto akaamini hawezi. Kadi nyepesi hukatika kirahisi zaidi. Kidole gumba kikae juu, kiwiko kiwe karibu na mbavu. Mkasi uwe na ncha butu lakini makali yakate kweli. Mkasi butu huwafundisha kuchana.

Kwa watoto wa mkono wa kushoto: msiwabadilishe. Upande wa mkono kwa wengi hutulia kati ya miaka 4 na 6, na anayebadilisha mikono akiwa na 3 bado anajaribu. Aliyetulia kwenye kushoto anahitaji mkasi wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia humficha mstari nyuma ya wembe, na karatasi yake iinamishwe ili kona ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia. Mezani akae upande ambao kiwiko chake hakigongani na cha jirani.

Sasa zile picha. Mtu mwenye kichwa kinachotoa miguu moja kwa moja huchorwa na watoto wa miaka 3 hadi 4 dunia nzima, na kiwiliwili huja chenyewe. Mkiitazama, acheni kuuliza "hii ni nini?", kwa kuwa swali hilo linadai picha iwe kitu, na mara nyingi mtoto alikuwa anachora mwendo: gari likikimbia, mvua ikinyesha. "Nieleze picha yako" hutoa maneno mengi zaidi. Mtagundua pia hakuna karatasi za kupaka rangi umbo lililochorwa tayari. Tumeziacha kwa makusudi. Kazi ishirini zinazofanana ukutani ni kazi ya mwalimu, na mtoto anachojifunza kwazo ni kutovuka mstari tu.

Kona ya matofali ya mbao ndiyo yenye mengi zaidi, na ndiyo isiyoacha alama yoyote jaladani. Anayeanza huyabeba tu: huyajaza kwenye ndoo, huyamwaga, huyahamisha. Hapo anajifunza uzito na ukubwa. Kisha huyapanga kwa safu chini au kwa mnara. Halafu huja daraja, yaani tofali mbili zimesimama na ya tatu imelala juu. Angalieni pale inapokataa: nafasi katikati imezidi urefu wa tofali, nayo huanguka. Mtoto atajaribu kuibonyeza, atatafuta nyingine iliyo sawa na ile ile, na baadaye, labda siku nyingine, atasogeza zile mbili karibu. Kusogeza huko ni kupima. Baada ya daraja huja boma, tofali zinazofunga eneo pande zote, na ndipo maneno "ndani" na "nje" hupata maana mkononi. Halafu huja ulinganifu, kulia kukifanana na kushoto, na mwishowe jengo lenye jina na kazi: hospitali, stendi ya basi.

Seti yetu imekatwa kwa uwiano, nusu mbili zikilingana na nzima moja na nzima mbili zikilingana na ndefu moja. Anayetafuta tofali ndefu akaikosa na kuweka mbili fupi mahali pake amefanya hesabu ya sehemu kabla ya kusikia jina lake. Mwalimu haingilii mnara unaotaka kuanguka. Huuliza "unadhani utaangukia upande gani?" na kungoja. Mnapokuwa nyumbani na masanduku matupu ya kadibodi, ngojeni pia. Mkono wa mtu mzima unaonyoosha mnara humaliza somo.

Hili halikuanza jana. Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya nyuzi, na mchemraba wa mbao uliogawanywa vipande 8. Tunalitaja kwa ajili ya wale wanaodhani mchezo darasani ni fasheni mpya.

Kuhesabu kuna mtego. Mtoto anayetiririka kutoka moja hadi ishirini anaweza kuwa anaimba. Kupima si kazi ngumu: panga vizibo 5 vya chupa, mwambie ahesabu kwa kugusa, na akimaliza uliza "ni vingapi?" Akianza upya kuhesabu badala ya kusema vitano, hajajua bado kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu la kundi zima. Akiruka kizibo au kukigusa mara mbili, tatizo ni kuoanisha namba moja na kitu kimoja. Mwambie asogeze kila alichohesabu upande wa pili. Kisha tawanya vizibo vile vile na uuliza kama vimeongezeka. Wengi wa miaka 4 watasema ndiyo, kwa sababu vimechukua nafasi kubwa zaidi, na kubishana nao hakusaidii. Kuhesabu tena pamoja ndiko kunakosaidia. Swali gumu kuliko yote ni "nipe vitatu" kutoka kwenye rundo, maana lazima aijue namba na akumbuke kusimama. Tunafurahi zaidi na anayetoa vitatu sawasawa kuliko anayeimba mpaka mia. Na akisema "kumi na tisa, kumi na kumi", msimcheke. Ameng'amua kanuni ya jinsi namba zinavyojengwa. Amekosa neno moja tu. Vizibo si vya watoto walio chini ya miaka 3: chochote kinachopita ndani ya bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba.

Upande wa kusoma, kazi yetu kubwa imekuwa masikio. Watoto hupiga makofi kwa silabi: ki-ti mara mbili, ka-la-mu mara tatu. Kwenye m-to-to wengi hupiga mara mbili kwa kuwa ile m huwapita. Tunaitamka kwa kuivuta mpaka waisikie ikisimama peke yake. Baada ya masikio huja irabu a, e, i, o, u, na ndipo konsonanti huunganishwa nazo: ma, me, mi, mo, mu. Tuna ombi moja zito hapa. Nyumba nyingi huwafundisha watoto majina ya herufi ya Kiingereza kabla ya sauti za Kiswahili. Kwa Kiingereza e huitwa "ii" na i huitwa "ai", basi mtoto akikutana na me husoma mi, na akikutana na mi hasomi kitu. Mkifundisha nyumbani, fundisheni sauti. Majina ya Kiingereza yatakuja na hayatachelewa.

Kusomewa kitabu kilekile mara nyingi si kupoteza muda. Mara ya kwanza mtoto husikia kisa, na safari zinazofuata ndipo hushika maneno. Pitisheni kidole chini ya mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na simameni kabla ya neno analolijua ili alimalizie yeye. Dakika 10 kila jioni zinazidi saa nzima ya Jumapili.

Wapo wazazi wanaohofia mtoto hana marafiki kwa sababu huonekana akicheza peke yake kando ya mwenzake. Mwanasaikolojia Mildred Parten alieleza hatua hii mwaka 1932: watoto wawili, mchezo mmoja, kila mtu na wake. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 3 ni kawaida, na hata wakubwa huirudia wakichoka. Kucheza kwa kugawana majukumu, mmoja dereva na mwingine abiria, huzoeleka zaidi wakikaribia miaka 4 na kuendelea. Ugomvi wa vitu tunaushughulikia kwa namna mbili. Kwa wadogo tunaweka vitu viwili vinavyofanana, maana kusubiri zamu bado ni nje ya uwezo wao. Kwa wakubwa tunatumia saa ya mchanga ya dakika 3. Wanaona muda ukiisha na hawamlaumu mwalimu. "Muombe radhi mwenzako" hatulianzii. Kwanza tunamwelekeza aone alichofanya, kisha afanye kitu: alete kitambaa chenye maji, asaidie kujenga upya. Neno la radhi likija baada ya hapo huwa lake.

Hatukutoa kifurushi cha mazoezi ya likizo, na hatujasahau. Badala yake mpeni kazi za kweli: kupanga soksi mbilimbili, kuweka kijiko kimoja kwa kila mtu mezani, kumwagilia maua kwa kikombe. Mkimpa beseni la maji la kuchezea, maji ya kina cha vidole vichache yanatosha, na mtu mzima awe mahali anapoweza kumfikia kwa mkono, si kwa sauti. Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji machache sana, na mara nyingi bila kelele. Beseni limwagwe mara mchezo unapoisha. Rundo la mchanga lifunikwe usiku kwa ajili ya paka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto wa miaka 3 na 4 unataka angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, 60 kati yake za kutoa jasho, usingizi wa saa 10 hadi 13, na muda wa skrini usiozidi saa 1. Sisi tungeongeza kwamba skrini iwekwe mbali na saa ya kulala. Likizo ikikaribia kwisha, rudisheni saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila siku kuanzia wiki moja kabla. Kumlaza mapema kwa saa mbili nzima usiku wa mwisho hakufui dafu. Atalala macho wazi na kuja shule akilia.

Likizo pia ni wakati mzuri wa kupima macho na masikio, hasa kwa mtoto anayekaa karibu mno na kitabu, anayeongeza sauti ya redio, au anayeonekana kutotii anapoitwa kutoka nyuma. Kama ametimiza miaka 4 na watu wasiomzoea bado hawaelewi maneno yake mengi, au ameacha kufanya jambo aliloliweza zamani, msisubiri tufungue. Muoneni mhudumu wa afya, kisha mtuletee taarifa.

Siku ya kufungua, tunaomba nguo zenye mpira kiunoni. Mkanda na kifungo kigumu ndivyo vinavyosababisha ajali nyingi za chooni. Mtoto alijua kwenda, hakuweza kufungua. Viatu viwe vya kuvaa mwenyewe, visivyo na kamba, na wekeni alama ndani ya kila kiatu upande wa gumba, ili alama mbili zikitazamana ajue vimekaa sawa. Jina liandikwe kwa wino usiofutika kwenye kila nguo, chupa na mfuko, pamoja na nguo moja kamili ya akiba. Nguo za shule zichafuke. Mtoto anayeogopa kuharibu nguo hakai mchangani.

Wengine watalia getini asubuhi hiyo, hata waliokuwa wamezoea. Agana naye kwa ufupi, mwambie utarudi baada ya jambo analolijua, kama vile baada ya hadithi ya mwisho, kisha nenda kweli. Kuondoka kwa kunyemelea huonekana kumefaulu siku ya kwanza, na kesho yake hatauachia mkono wako. Mwalimu wa zamu atampokea kwa jina na kumpeleka moja kwa moja kwenye kona ya unga wa kufinyanga. Kama atakayemchukua jioni amebadilika, jina lake liandikwe kwenye daftari la getini asubuhi hiyo. Hatutamkabidhi mtoto kwa ujumbe wa mdomo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu